Imetengenezwa kwa nini? Siku kumi za sanaa, Morogoro hadi Kampala

Ni wiki tatu tangu nirudi nyumbani. Nimekaa na daftari langu, picha za kwenye simu na risiti nilizozibana kwa pini za kushonea, nikaipanga safari upya siku kwa siku.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Anayesomea sanaa ni binti yangu, yuko mwaka wa pili chuoni. Likizo iliyopita alikuja nyumbani na kazi yake: gunia lililowambwa kwenye fremu, limepakwa rangi ya udongo, na katikati mshono mmoja mrefu wa uzi mweusi. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii ni picha ya nini?" Hakunijibu. Aliigeuza ikatazama ukuta, na mpaka anarudi chuo hakuigeuza tena. Jambo hilo lilinikaa rohoni. Kikoba chetu kilipovunjwa, nilichukua fungu langu, nikampigia simu nikamwambia: niandikie orodha ya mahali pa kwenda. Alinitumia usiku uleule.

Siku ya 1, Jumatatu: Morogoro – Dar es Salaam

Treni ya umeme, daraja la kawaida, shilingi 13,000. Haifiki saa mbili. Nilifikia kwa mdogo wangu Tabata, nikala, na mchana nikaenda Oysterbay, pale Morogoro Stores kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga.

Picha hizi nimeziona maisha yangu yote bila kuzitazama: tembo, ndege wenye mikia mirefu, Mlima Kilimanjaro. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja kutafuta maisha, akafanya kazi za vibarua na za nyumbani kwa watu. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Alichora kwa miaka kama minne tu. Ndugu na wanafunzi wake ndio waliouendeleza mtindo, na ushirika wao ukasajiliwa mwaka 1990.

Nilikaa kwenye kigoda karibu na mchoraji mmoja wa makamo, nikaangalia mkono wake kwa saa nzima. Tingatinga alitumia alichoweza kukipata: mbao za silingibodi zilizokatwa mraba, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi ile haina haraka ya kukauka. Ukiweka nyeusi juu ya njano mbichi, umeharibu zote mbili. Kwa hiyo mchoraji anapaka uwanja mzima rangi moja, anasubiri, anaweka umbo, anasubiri tena, ndipo anatia madoa. Ndiyo maana alikuwa na picha sita mbele yake kwa wakati mmoja, kama mimi ninavyokata sare za shule sita kwa mpigo. Ukali wa ukingo wa kila umbo, ule uwanja mtupu nyuma ya mnyama, sehemu kubwa ya mtindo huo imetokana na tabia ya rangi yenyewe. Nilikuwa sijawahi kuwaza hivyo.

*Kwa atakayekwenda:* picha ndogo nilizoulizia zilianzia shilingi 20,000. Zinazofanana ni nyingi sana, kwa hiyo usinunue ya kwanza. Kaa, angalia nani anachora nini, kisha mwombe akuonyeshe picha aliyoichora bila kuagizwa. Wanazo, mara nyingi zimeegemezwa nyuma.

Siku ya 2: Dar, Mikocheni

Nafasi Art Space ipo eneo la viwanda vidogo Mikocheni, tangu 2008. Karakana za wasanii ni makontena ya meli yaliyotobolewa madirisha. Niliingia na woga, nikidhani nitaulizwa nimekuja kwa nani. Kijana wa getini alisema, "Pita mama, zungukia tu, mlango ukiwa wazi ingia."

Kwenye kontena moja kulikuwa na kola za mashati ya mtumba, mamia, zimeunganishwa moja kwa moja mpaka zikawa kama nyoka mrefu anayening'inia toka darini. Mwenye kazi, kijana wa miaka kama ishirini na tano, alikuwa anakunywa chai. Ulimi ulitaka kuuliza lile swali langu la zamani, nikaumeza. Nikasogea nikashika ukingo. Alikuwa ameunganisha kwa mkono, bandi pana zinazoonekana, na cherehani ilikuwepo pale pembeni.

"Mwanangu, mbona hukupitisha cherehani?"

Akaweka kikombe chini. Alisema alijaribu, lakini cherehani ilizibana kola zikalala, zikawa kitambaa tu. Kwa bandi kila kola inabaki imesimama, bado ina umbo la shingo ya mtu aliyeivaa. Halafu akaanza kunionyesha jasho lililobaki ndani ya kola, vibandiko vya nchi zilikotoka, moja yenye jina la mtoto lililoandikwa kwa wino. Tuliongea mpaka adhuhuri. Alinigawia chapati yake. Nilipotoka niliinua macho kumtazama yule nyoka wa kola nikaona shingo, shingo, shingo, na nikasimama pale mlangoni kwa muda.

Siku ya 3 na 4: Dar – Nairobi kwa basi

Nilipanda Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, nauli 85,000. Kampuni siitaji, maana basi lolote huharibika. Letu lilikata mkanda wa feni tulipoikaribia Mombo, tukakaa saa nne na nusu juani. Mama mmoja muuza mahindi alitutandikia mkeka chini ya mwembe wake, wanawake wenye watoto kwanza. Mkoba wake wa kuwekea chenji ulikuwa umechanika kamba, nami sitembei bila sindano. Nikaushona. Alikataa kabisa kupokea pesa ya mahindi matatu niliyokula.

Usiku sina la kusimulia, nililala. Namanga mnashuka mara moja tu, maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. *Shika pasi na kadi ya njano ya chanjo mkononi, usiziache kwenye begi la chini ya basi.* Niliingia Nairobi asubuhi nikiwa nimevimba miguu. Chumba mtaa wa River Road, shilingi za Kenya 1,500, maji ya moto yapo asubuhi tu. Nikalala mpaka jioni.

Siku ya 5: Nairobi, mjini

Nairobi Gallery ipo pale barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway, ndani ya jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo watu walimoandikisha kuzaliwa, kuoana na kufa. Mlangoni nilikwama: malipo ni ya simu, pesa taslimu hawapokei, na mimi nina laini ya Tanzania. Msichana aliyekuwa nyuma yangu, mwanafunzi kwa namna alivyovaa, akasema, "Wacha nikulipie mama, unipee cash." Nilimpa, nikamwongezea ya chai, akairudisha ile ya ziada.

*Watanzania wenzangu: sajilini laini ya Kenya siku ya kwanza, au mtafute mwenyeji. Na mseme ni raia wa Afrika Mashariki, bei yetu si ya mgeni wa mbali.*

Ndani kuna makusanyo ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966 kwa miezi michache, kisha akayapa mgongo madaraka, na miaka iliyofuata akafungua duka na nyumba ya sanaa ya African Heritage pamoja na Alan Donovan. Vitambaa vya Afrika Magharibi pekee vilinimaliza saa mbili. Lakini vingi ni vya kale, na mimi nilikuwa nimefuata vipya, kwa hiyo siku hii naipita haraka.

Siku ya 6: Nairobi, barabara ya Limuru

Hii ndiyo siku iliyobeba safari. Matatu ya kuelekea Ruaka, shilingi 100, unashuka Rosslyn Riviera. Ni jengo la maduka, na ndani yake ipo taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi, NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage. Sikulipishwa kiingilio. Nilipita vyumba vya maonyesho mara mbili, polepole, lakini kilichonishika ni maktaba yao. Mhudumu alisikia Kiswahili changu cha Tanzania, akacheka kwa furaha, akaniwekea vitabu mezani mpaka vikanifika kidevuni. "Shangazi, kaa tu, hakuna mtu atakufukuza."

Nikasoma habari za Sane Wadu, mwalimu aliyeacha kazi ili achore. Watu walimwita kichaa, naye akajichukulia jina Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu. Kisha nikafungua kurasa za Rosemary Karuga.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1928. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu sanaa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Akarudi Kenya, akawa mwalimu wa shule, akalea watoto. Miaka ikapita. Alipokwisha kustaafu ndipo akarudi kwenye sanaa kwa nguvu, na rangi zilikuwa ghali. Basi akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika: watu, wanyama, maisha ya kijijini. Alifariki mwaka 2021, ana miaka 92.

Nilisogeza kitabu dirishani. Ukikitazama kwa mbali, kivuli chini ya shavu la mtu ni kivuli. Ukisogea, ni kipande cha karatasi ya dukani. Nikakumbuka gunia la mabaki chini ya meza yangu ya kukatia, yale ninayowapa watoto wa jirani wajazie mpira. Huyu mama alikuwa amesomea rangi, anajua rangi ni nini, halafu akakaa chini na pakiti ya unga na kuilazimisha iwe ngozi ya binadamu. Hakuificha kuwa ni pakiti. Machozi yalinitoka, sioni haya kuandika.

Kwenye daftari niliandika: *Imetengenezwa kwa nini?* Nilikuwa namaanisha vifaa, karatasi gani, gundi gani. Niliposoma nilichoandika nikaona sentensi ileile inauliza pia sababu. Kwa nini. Kwa Kiswahili chetu maswali hayo mawili yamelala kitanda kimoja, na kwa muda wote nilioshika sindano sikuwahi kuyaona pamoja. Rangi ya baiskeli kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Bandi kwa sababu cherehani inaua shingo. Unga kwa sababu mama hakukubali kunyamazishwa na bei ya rangi. Nikimwuliza msanii "ni picha ya nini" namtaka anitajie kitu kingine, kisichokuwa pale. Nikimwuliza "imetengenezwa kwa nini" tunaitazama kazi hiyohiyo, mimi na yeye.

Nilimtumia binti yangu ujumbe palepale: *Uzi wako mweusi, ni wa aina gani?* Akajibu baada ya dakika kumi: *Ni ule wako mama, wa kushonea viatu. Niliuchukua kwenye droo.*

Jambo jingine la siku hii. Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, hachorei kanvasi. Anachorea lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba kutoka Uganda, ambayo mara ya kwanza aliiona kwenye soko la watalii hapahapa Nairobi. Gome lina matundu na mishono ya kuyaziba, naye anaiacha mishono hiyo ipite katikati ya picha, wakati mwingine usoni mwa mtu. Mchoraji anayeheshimu kiraka! Sikuwa nimepanga kufika Kampala. Orodha ya binti yangu iliishia Nairobi. Nikahesabu pesa, zikatosha kwa shida.

Siku ya 7: Murang'a

Kabla ya Uganda nilitaka kuona kazi ya Mtanzania aliyechora ukuta wa Kenya. Matatu toka mjini, shilingi 300, mwendo wa saa mbili hivi. Kanisa kuu la Anglikana la Mtakatifu James lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ndani yake Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Yesu ni Mwafrika, na vilima vya nyuma yake ni hivi vinavyoonekana ukitoka mlangoni.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mzee mmoja aliyekuwa anafyeka majani aliacha panga, akaenda kumtafuta mwenye ufunguo, akarudi baada ya nusu saa anahema. Alinionyesha pa kusimama ili mwanga usinisumbue. Akaniambia polepole, kwa Kiswahili cha kuchagua maneno, kwamba utoto wake aliupitia kwenye Hali ya Hatari, ile ya wakati wa Mau Mau, na kwamba mtu wa hapa akiitazama Gethsemane anajua usiku ule ni usiku gani. Sikuwa na la kuongeza. Tulikaa kwenye benchi wote wawili.

Njau anajulikana pia kwa kauli yake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Nimeibeba kauli hiyo njia nzima nikishindana nayo. Mimi nilijifunza kazi kwa kuiga mkono wa mwalimu wangu, mshono kwa mshono, miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kukata kitambaa cha mteja. Wale wa Oysterbay wamelisha familia zao kwa kumuiga Tingatinga. Siwezi kukubali kwamba Mungu alilala muda wote huo. Lakini nilipokuwa mbele ya ule ukuta, mtu kijana akiweka vilima vya kweli mahali ambapo wengine wangenakili picha za Ulaya, nilielewa ni kulala kwa namna gani alikokuwa anakuogopa. Bado sijamaliza kubishana naye.

*Acha sadaka ya kanisa, na ya mwenye ufunguo. Usipige picha kwa flashi, omba kwanza.*

Siku ya 8: Nairobi – Kampala

Basi la usiku kupitia Busia, shilingi 2,800. Baridi ya Nakuru inapenya kitenge, vaa sweta.

Siku ya 9: Kampala

Nilianzia sanamu ya Uhuru katikati ya mji. Mwanamke amefungwa mikanda kuanzia kiunoni kwenda chini, kama sanda, na juu ya kichwa amemwinua mtoto. Ni kazi ya mwaka 1962 ya Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha Makerere. Watu wanaipita wakiwahi shughuli zao. Nilimwuliza kijana wa bodaboda aliyeegesha pale kama ameshaiangalia ile mikanda. Akainua uso, akatazama. "Nnyabo, hawajamaliza kumfungua," akasema. Ndivyo nilivyoiona na mimi.

Makerere, kwenye maktaba kuu, ipo sanamu ya mbao ya Francis Nnaggenda, *War Victim*, mhanga wa vita. Mwili umepungukiwa viungo, na bado umesimama wima. Nyufa za mti zimeachwa. Shule ya sanaa ya chuo hiki ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na majina kadhaa niliyokutana nayo barabarani yalipita hapa: Karuga, Maloba, Njau. Pia Sam Ntiro wetu wa Kilimanjaro, ambaye picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York.

Mchana, soko la ufundi nyuma ya National Theatre. Rolexi kwanza, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ya mayai mawili, shilingi za Uganda 3,000. Kisha lubugo.

Muuzaji, mwanamke wa rika langu, alinieleza kwa mikono zaidi ya maneno. Gome la ndani la mutuba huvuliwa wakati wa mvua, na shina hufungwa majani ya migomba lipone liote tena, hivyo mti mmoja huvuliwa miaka mingi. Gome hulainishwa kwa joto, likapigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, nene kwanza na nyembamba baadaye, saa nyingi, hadi kipande kilichokuwa chembamba kiwe shuka. Halafu jua hulipa ile rangi ya kutu. Baganda hulivaa kwenye kutawazwa kwa mfalme na kuzikia watu wao. Nililisugua kati ya vidole. Halina mtande wala mshindo, halikufumwa, na bado linaanguka kama nguo.

Alinitolea kipande safi, 90,000. Chini yake kulikuwa na kingine chenye tundu lililozibwa kwa uzi wa katani, mshono wa kuzunguka, hatua sawasawa kabisa. Alikuwa anataka kukirudisha. Nikamwambia nataka hicho. Alidhani natafuta bei ya chini, akasema 60,000. Nilimlipa 70,000, kwa ajili ya mshono.

Siku ya 10: Kampala – Mutukula – Bukoba

Mutukula afisa alifungua begi langu, akalikunjua lubugo mezani. "Hii ni nini?"

Sikupata neno la haraka. Nyuma yangu alikuwepo bibi wa Kihaya na fimbo yake, anatoka kumwona mwanawe Masaka. Alisogea bila kuambiwa, akaweka kiganja juu yake. "Mwanangu, hii ni nguo," akamwambia afisa. "Bibi yangu alizikwa nayo." Afisa akaanza kulikunja. Bibi akamshika mkono asubiri, akapitisha kidole kwenye ile duara ya uzi, akaizunguka yote mpaka aliporudi mwanzo.

"Nani kalishona hapa?" akaniuliza.